Mchezo wa Kadi wa Kuwakutanisha Wanataaluma na Tafiti Wasizozijua: Mwongozo Kamili

Malalamiko ninayoletewa ni yale yale: "Tulicheza, tukacheka sana, na wiki iliyofuata hakuna aliyekuwa amefungua hata makala moja." Nikiomba kuona kadi walizotumia, karibu kila mara nakuta wametunga mtihani. Nani aliandika nini, mwaka gani, katika jarida gani.

Mwanataaluma akinusa mtihani hurudia tabia aliyoizoea tangu shule ya msingi: anayejua hunyoosha mkono, asiyejua huinama. Sasa, tafiti mpya ni za nani kama si za yule aliyeinama? Mchezo unaomnyamazisha umemfukuza mtu uliyemwandalia.

Mwongozo huu unajenga mchezo wenye kanuni iliyopinduliwa: anayeshindwa ndiye anayeondoka na kadi. Unafaa kwa idara, maabara au kikundi cha wanafunzi wa uzamili na uzamivu, watu 6 hadi 12. Kikao huchukua dakika 90. Maandalizi ya mara ya kwanza huchukua siku mbili nzima, na anayekuambia yanaisha usiku mmoja hajawahi kuyafanya.

## Vitu vya kuandaa

- Kadi 40 za karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja. 30 za makala, 10 za akiba.
- Makala 30 ambazo umethibitisha mwenyewe kwamba zinafunguka na kusomeka bila malipo.
- Bahasha 3 za rangi tofauti.
- Kompyuta moja kwa kila timu, yenye intaneti. Moja tu. Kila mtu akiwa na yake, mazungumzo yanakufa.
- Ubao au karatasi kubwa ukutani, yenye kichwa "Miji" (maana yake iko Hatua ya 4).
- Kipima muda chenye sauti.
- Folda ya pamoja ya marejeo. Zotero, programu ya kutunza marejeo, inatosha, ni ya bure, na ina faida nyingine nitakayoitaja chini.
- Mwendeshaji mmoja asiyecheza. Huyo ni wewe.

## Hatua ya 1: Chagua swali, usichague fani

"Ikolojia" ni pana mno. "Historia ya uchumi" vilevile. Ukitumia fani nzima, kadi zako zitakuwa mchanganyiko usiomhusu yeyote, na kila mtu atapata kisingizio: hilo si eneo langu.

Andika swali moja ambalo angalau nusu ya watakaokuja wanahangaika nalo sasa hivi. Kwa mfano: "Tunajuaje kwamba kipimo chetu kinapima tunachodhani kinapima?" Swali la namna hiyo linamgusa mwanasaikolojia, mhandisi na mtu wa elimu kwa wakati mmoja, na ndipo majirani wanapoanza kuonana.

Utajua umefaulu pale utakapomsomea mwenzako swali hilo naye, badala ya kulisifu, aanze kubishana nalo.

## Hatua ya 2: Kusanya makala 30 katika mafungu matatu

Fungu la kwanza, makala 10, ni zinazojulikana: zile ambazo kila mtu huzitaja na wachache wamezisoma hadi mwisho. Hizi zinampa mchezaji mahali pa kusimama.

Fungu la pili, makala 10, ni majirani: zinashughulikia swali lako lakini kutoka taaluma nyingine na kwa istilahi nyingine. Usizitafute kwa maneno yako ya kila siku, hutaziona. Chukua makala moja unayoiamini, fungua Google Scholar au OpenAlex (tovuti za kutafutia makala), angalia orodha ya makala zilizoitaja, kisha ziweke kando zote zilizotoka kwenye majarida unayoyafahamu. Zinazobaki ndizo majirani.

Fungu la tatu, makala 10, ni zilizolala: makala nzuri ambazo hazitajwi, ama kwa sababu zilitoka mapema mno, ama zilichapishwa kwenye jarida dogo, ama kwa lugha ambayo wenzako hawaisomi. Tasnifu na ripoti zinaruhusiwa hapa. Njia ya haraka ya kuzipata ni kurudi nyuma kwenye marejeo ya makala za zamani, hatua mbili au tatu, na kuokota zile zilizotajwa na mtu mmoja makini tu.

Makala kulala si jambo la kuigiza. Utafiti wa Gregor Mendel kuhusu urithi wa sifa katika njegere ulichapishwa mwaka 1866, na ulisubiri hadi 1900 kabla wataalamu wa mimea hawajaurudia na kuelewa ulichokuwa unasema. Miaka 34. Idara yako nayo ina njegere zake.

Tahadhari mbili. Kwanza, hakikisha kila makala haijafutwa na jarida lake. Hifadhidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizofutwa, iko chini ya Crossref, shirika linalosajili makala za kitaaluma, tangu 2023 na inatazamwa bure, na Zotero hukuonya yenyewe ukiingiza makala iliyofutwa. Usiseme jambo hili haliwezi kukupata: makala ya 1998 katika *The Lancet* iliyohusisha chanjo ya MMR (ya surua, matumbwitumbwi na rubela) na usonji ilifutwa rasmi 2010 tu, na miaka yote hiyo 12 iliendelea kutajwa.

Pili, ukimwomba roboti wa akili unde akuorodheshee makala, atakupa pia zisizokuwepo, zenye majina ya waandishi wa kweli na namba za DOI (utambulisho wa kudumu wa makala mtandaoni) za kubuni. Usiandike kadi ya makala ambayo hujaifungua kwa mkono wako.

## Hatua ya 3: Geuza kila makala kuwa kitendawili

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi huharibu. Makala ni lazima ijisemee yenyewe, kama kitendawili kinavyosema, bila kutaja jina lake.

Sababu ya kuficha majina si mapambo. Mwaka 1968 mwanasosholojia Robert Merton alieleza jinsi sifa za kisayansi zinavyowaendea wale ambao tayari wana sifa. Nasi tunapofungua orodha ya makala, jicho hukimbilia jina tunalolijua. Ukiondoa mwandishi, jarida na mwaka, mchezaji analazimika kuutazama utafiti wenyewe.

Mbele ya kadi andika mistari minne:

1. Nilichouliza.
2. Nilichotumia kujibu.
3. Nilichokikuta.
4. Kilichonipata baada ya kuchapishwa.

Nyuma ya kadi andika kichwa cha makala, waandishi, mwaka, DOI, na kitu ninachokiita mlango: ukurasa, picha au jedwali moja ambalo msomaji afungue kabla ya kingine chochote.

Tuchukue makala ya Alexander Fleming ya 1929. Mbele:

> *Niliuliza kama kuvu iliyovamia sahani yangu inaweza kunitengea aina moja ya bakteria kutoka kwa wengine. Nilitumia mchuzi wa kuvu hiyo. Nilikuta unaua baadhi na kuwaacha wengine. Miaka 11 ilipita kabla ya kundi jingine kuonyesha kwa wanyama kwamba mimi ni dawa. Mimi ni makala gani?*

Nyuma: Fleming, 1929, jarida la Uingereza la patholojia ya majaribio. Mlango: soma kichwa cha makala polepole, kisha tazama picha ya kwanza.

Kwa nini kichwa? Kwa sababu nusu yake inazungumzia kumtenga bakteria aliyekuwa akihusishwa na mafua. Kila mtu anajua penisilini. Wachache wanajua kwamba makala iliyoitambulisha ilijinadi pia kama msaada wa kazi za maabara. Anayeligundua hilo ataifungua makala, hata kama yeye ni mtu wa fasihi.

Mfano mwingine, mgumu zaidi: *"Nina wazazi watatu, na kichwa changu ni swali. Niliandikwa kuonyesha kwamba nadharia fulani haijakamilika. Leo wanaonitaja sana ni wale wanaotaka kujenga mashine kwa nadharia hiyo hiyo."* Ni makala ya Einstein, Podolsky na Rosen ya 1935; nadharia ni ya kwanta, na mashine ni kompyuta za kwanta. Mstari wa mwisho ndio unaobeba kadi: una kinyume ndani yake, na kinyume huvuta.

Linganisha na kadi niliyoletewa hivi karibuni: "Taja makala ya 1953 iliyoeleza umbo la DNA." Hapo hakuna kitu cha kutegua. Anayejua anajua, asiyejua amefungiwa nje.

Tahadhari. Usiweke kadi ya makala iliyoandikwa na mtu atakayekuwepo chumbani. Niliwahi kufanya hivyo nikidhani namheshimu mwandishi. Wenzake, bila kujua ni ya nani, waliichambua kwa dakika nne nzima: sampuli ndogo, hitimisho kubwa, jedwali halisomeki. Naye alikuwa amekaa katikati yao anatabasamu kama mtu mwenye jino bovu. Nilipogeuza kadi, chumba kizima kilitafuta pa kuangalia. Hakurudi kwenye kikao kilichofuata, na sikumlaumu.

Utajua umefaulu ukimsomea kadi mtu wa nje ya fani kabisa naye akauliza, "Kwani ilikuwaje?" Akikuuliza "Maana yake nini?", andika upya.

## Hatua ya 4: Weka sheria ya mji

Katika vitendawili, mteguzi akishindwa hutoa mji, na mtegaji akiridhika hutoa jibu. Sheria hiyo tunaichukua nzima, ila tunabadilisha miji.

Hapa mji ni chanzo kimoja cha utafiti ambacho mchezaji anakifahamu na anadhani wengine hawakifahamu: jarida dogo, hifadhi ya tasnifu, seti ya data iliyo wazi, mwandishi asiyesomwa, hata orodha ya marejeo ya makala moja nzuri. Anautaja, anaeleza kwa sentensi moja una nini, nawe unauandika ubaoni.

Alama zinakwenda hivi:

- Anayetegua hupata alama 1, lakini baada tu ya kusema jambo moja kuhusu makala hiyo ambalo halimo kwenye ikisiri. Asiposema, hapati kitu.
- Anayeshindwa hutoa mji na kuchukua kadi.
- Mji ambao hakuna mwingine chumbani aliyeujua una alama 2.

Ndiyo, umesoma sawasawa: kushindwa kunaweza kulipa kuliko kutegua. Wengine watajifanya hawajui ili wapate kadi. Waache. Profesa anayejifanya hajui ni profesa ambaye ameshaanza kucheza.

Sharti la jambo lisilomo kwenye ikisiri lina kazi yake pia. Linamtenganisha aliyesoma na aliyesikia, na linamfanya anayejua afundishe badala ya kujigamba.

## Hatua ya 5: Panga timu

Watu watatu kwa kila timu. Wawili wanakubaliana haraka mno, na wakiwa wanne mmoja anageuka mtazamaji.

Changanya ngazi na mada, lakini usimweke mwanafunzi pamoja na msimamizi wake wa tasnifu. Hata wakipendana kiasi gani, mwanafunzi hatakisia ovyo mbele ya mtu atakayemsahihishia sura ya tatu. Na mchezo huu unakula makisio ya ovyo.

## Hatua ya 6: Pasha moto kwa "Kweli au Uongo" (dakika 10)

Soma vichwa viwili vya makala, kimoja cha kweli na kimoja ulichokitunga kwa kuigiza lugha ya fani. Timu zichague. Raundi sita zinatosha.

Wazo hili lina mtangulizi mzuri: mwaka 2010 mwanafizikia David Simmons-Duffin alitengeneza snarXiv, programu inayobuni vichwa na ikisiri za fizikia, pamoja na mchezo wa kubahatisha kipi kimetoka kwake na kipi kimetoka arXiv halisi, hifadhi ya wazi ya makala za fizikia na fani jirani. Wanafizikia wenyewe hukosea.

Faida ya raundi hii ni moja: wakubwa wanakosea mapema, hadharani, kwenye jambo lisilo na uzito. Baada ya hapo kila mtu anakuwa mwepesi wa kusema "sijui". Usiirefushe. Ikizidi dakika 10, watu wanadhani wamekuja kuchekeshwa.

## Hatua ya 7: Vitendawili (dakika 25)

Weka bahasha tatu mezani, moja kwa kila fungu. Timu inachagua bahasha, inatoa kadi bila kuigeuza, na kumkabidhi mtegaji wa timu nyingine.

Mtegaji: "Kitendawili!" Wote: "Tega!" Usione haya kuitikia kwa sauti. Kikundi kinachoitikia kwa kunong'ona kitacheza kwa kunong'ona.

Dakika mbili kwa kila kadi. Timu inaruhusiwa maswali matatu ya ndiyo au hapana. Kompyuta zimefungwa. Lengo ni wajadili utafiti wenyewe ("hii lazima ilikuwa kabla ya…", "kwa njia hiyo wasingeweza kupima…"), na huo mjadala ndio utakaowafanya wajali jibu.

Kwa muda huu utapata kadi 9 au 10. Usikimbilie kumaliza 30. Zilizobaki ni za raundi ijayo na za vikao vijavyo.

Tahadhari. Mtu mmoja akitegua kadi tatu mfululizo, mfanye mtegaji. Atafurahi, na wengine watapumua.

Utajua umefaulu ukiona ubao una miji 5 au zaidi, na angalau mmoja umezua "Wapi hapo? Rudia jina."

## Hatua ya 8: Mnyororo (dakika 30)

Hii ndiyo raundi inayozaa makala nyingi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Kila timu inapewa makala mbili: ya kuanzia na ya kufikia. Kazi ni kuunganisha ya kwanza na ya pili kwa kupita makala nyingine, kila pete ikiwa imeitaja iliyotangulia au imetajwa nayo. Mwisho ni pete sita. Kompyuta sasa zinafunguliwa.

Pima njia mwenyewe kabla ya siku. Ukifika kwa pete mbili, ni rahisi mno. Ukishindwa baada ya dakika 20, tupa jozi hiyo. Chukua mwanzo kutoka fungu la zinazojulikana na mwisho kutoka fungu la majirani.

Wafundishe mwelekeo wa muda. Wachezaji wapya hukwama kwa sababu moja: wanafuata marejeo tu, na marejeo humpeleka mtu zamani siku zote. Ukianza 1998 unataka kufika 2015, kamwe hutafika kwa kushuka. Inabidi upande kwa kutumia orodha ya makala zilizoitaja. Mara nyingi njia fupi hushuka kwanza hadi kwa babu wa pamoja, kisha hupanda upande wa pili. Makala mbili zinazotaja chanzo kimoja ni ndugu hata kama hazijawahi kusikiana. Wataalamu wa maktaba wanaupima undugu huo tangu 1963, pale M. M. Kessler alipoueleza.

Waambie waanze pande zote mbili. Mmoja atoke mwanzoni, mwingine atoke mwishoni, watazamie kukutana katikati. Wa tatu aandike. Timu inayoanzia upande mmoja tu huchelewa sana, kwa sababu matawi huongezeka kwa kila hatua.

Kila pete ina risiti yake. Timu lazima inakili sentensi ambamo makala moja inaitaja nyingine, na kusema imeitaja kwa nini: kuiunga mkono, kuipinga, kuazima njia yake, au kwa adabu tu. Bila sentensi, pete haihesabiki. Ukiondoa sharti hili, watu watabofya viungo kama wanaopekua picha, na utakuwa umerudi pale pale kwenye kicheko kisichosoma.

Funga barabara kuu. Makala za mapitio zenye mamia ya marejeo, na makala za mbinu au programu zinazotajwa na kila mtu, zinaunganisha chochote na chochote. Makala ya Lowry na wenzake ya 1951 kuhusu kupima protini imetajwa zaidi ya mara 300,000. Ukipita hapo utafika popote, na hutakuwa umejifunza lolote njiani. Ruhusu pete moja tu ya namna hiyo kwa kila mnyororo, na itozwe alama 2.

Alama: 2 kwa kila risiti sahihi, 3 kwa kila makala njiani ambayo hakuna mwanatimu aliyewahi kuiona, na 1 tu kwa timu yenye mnyororo mfupi. Nimezipanga hivyo makusudi. Ukiweka zawadi kubwa kwenye ufupi, utapata wakimbiaji. Nawe unataka watembezi wanaochungulia vichochoroni.

Utajua umefaulu kelele zikipungua zenyewe kama dakika ya 12 hivi. Mwanzoni kila mtu anaongea, kisha mtu mmoja anasema "ngoja, ngoja," anavuta kompyuta, na anaanza kusoma. Usimkatize, hata kama muda unakwenda.

## Hatua ya 9: Daraja, kwa kikundi kilichozoea tu

Iruke hii mara ya kwanza. Mara ya tatu au ya nne, iweke badala ya mnyororo.

Timu inatoa kadi mbili kutoka bahasha mbili tofauti, za makala ambazo hazitajani na hazina marejeo ya pamoja. Inatafuta neno la katikati: kitu ambacho kadi A inakigusa na kadi B inakigusa.

Don Swanson wa Chuo Kikuu cha Chicago alifanya hivyo kwa makini mwaka 1986. Upande mmoja kulikuwa na makala zilizosema mafuta ya samaki hupunguza unato wa damu na kuganda kwa chembe sahani (chembe zinazogandisha damu). Upande mwingine kulikuwa na makala zilizosema wagonjwa wa tatizo la Raynaud, wale ambao vidole hukosa damu kwenye baridi, wana damu yenye unato mwingi. Pande hizo mbili hazikuwa zikisomana. Swanson hakugusa maabara. Alisoma, akaweka vipande viwili pamoja, na kupendekeza kwamba mafuta ya samaki yajaribiwe. Mwaka 1988 alifanya vivyo hivyo kwa magnesiamu na kipandauso.

Madaraja mengi ya timu zako yataanguka ukiyagusa. Sawa. Waulize tu: ni makala gani ya tatu tungehitaji kuisoma ili kujua kama daraja hili linasimama? Hiyo ndiyo kadi mpya.

## Hatua ya 10: Dakika 15 za kimya

Waendeshaji huikata hatua hii muda ukiwabana, na ndiyo maana wananirudia na malalamiko niliyoanza nayo. Kata vitendawili, kata kupasha moto, lakini hii iache.

Kila mtu anachukua kadi moja aliyoishinda kwa kushindwa, au makala moja aliyoikuta kwenye mnyororo, anaifungua kwenye simu au kompyuta yake, na kwenda moja kwa moja kwenye mlango. Anaandika mistari mitatu kwenye folda ya pamoja: nimeona nini, sikubaliani na nini, nani mwingine anapaswa kuiona.

Ugumu wa kuanza kusoma makala uko mwanzoni: kuitafuta, kuifungua, kupambana na utangulizi. Ukimvusha mtu hapo akiwa bado ana joto la mchezo, makala inabaki imefunguliwa kwenye kompyuta yake usiku huo. Ukimwambia "utaisoma nyumbani", imekwenda na maji.

Tahadhari. Makala isiyofunguka hapa inaua kikao. Kukutana na ukuta wa malipo wakati huu ni kama kumkaribisha mgeni mezani na kufunga mlango wa jiko. Jaribu kila kiungo siku moja kabla, ukiwa nje ya mtandao wa chuo. Ikigoma, tafuta nakala halali iliyo wazi kupitia Unpaywall, huduma ya bure ya kutafuta nakala hizo, au mwandikie mwandishi. Wengi hutuma kwa furaha.

## Hatua ya 11: Rudi baada ya wiki mbili

Usiulize "Mlifurahia?" Watasema ndiyo. Uliza mambo matatu: kadi uliyoondoka nayo uliimaliza? Uliituma kwa mtu? Imeingia popote kwenye andiko lako?

Mimi nikipata theluthi ya watu wanaosema ndiyo kwa lolote kati ya hayo, kikao kimelipa gharama zake. Wakiwa chini ya hapo, sibadilishi sheria kwanza. Naanza na kadi: nazitoa zile ambazo hakuna aliyezifungua na kuzisoma tena upande wa mbele. Mara nyingi kosa liko kwenye mstari wa nne. Nilieleza makala ilisema nini, nikasahau kusema kilichoipata.

Kisha chukua ubao wa miji. Kila mji una angalau makala moja ndani yake. Wagawie wale walioitaja, kila mmoja aandike kadi mbili kwa mtindo wa Hatua ya 3, na zile 10 za akiba zitajaa bila wewe kutafuta. Kikao cha pili kitakuwa na kadi ambazo hata mwendeshaji hana jibu lake. Siku hiyo kaa mezani ucheze, na umwachie mwingine kipima muda.